Mahari ya Kabuga

“Mzee ashalipia mahari kule Kabuga.”

Hapo ndipo tulipomwacha Scovia wiki iliyopita, mkono wake juu ya boneti ya gari jeupe na maneno ya fundi yakimwunguruma masikioni. Wengine wenu mmenitumia ujumbe mkinisihi nimwonee huruma. Jamani, mimi ni msimulizi tu. Yaliyomkuta yalishamkuta.

Kwa aliyeingia leo: Scovia na mumewe Arthur, wakazi wa Kinyinya, walikuwa katika yadi moja ya magari huko Remera, wakitafuta gari la familia. Ndoa ya miaka kumi na minne, mtoto mmoja, Kirezi, mwenye miaka kumi na miwili. Walikuja na fundi wao wa siku zote, Eustache, awachungulie injini. Na katika kuchungulia injini, ndipo likamtoka hilo la mahari ya “mzee”, yaani Arthur.

“Ashalipia nini?” Scovia akauliza.

“Mahari.” Eustache hakuinua hata kichwa. Alikuwa amechomoa kijiti cha oili anakifuta kwa kitambaa. “Kabuga. Kwa hiyo musitafute gali ya mjini tu, mama Kirezi. Mutafute na ya kutembea njia ndefu. Mutakuwa munaenda kule mara kwa mara.”

Mtakuwa mnaenda! Yaani mwanaume kaposa mke mwingine, halafu yeye mke wa ndoa awe anapelekwa kumsalimia?

Ingekuwa mtu mwingine kasema, Scovia angedhani ni fitina. Lakini Eustache, aliyekulia Bujumbura, mtu wa misa kila Jumapili, uongo haujui. Na Scovia Kiswahili si cha kuokoteza, kazaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania. Neno mahari analijua tangu utotoni. Nyumbani yeye na Arthur wanasema Kinyarwanda, kwa kuwa Kiswahili cha Arthur, mtoto wa Kampala, ni cha kubabaisha. Kiswahili Scovia anakisema na fundi, kwa raha zake.

Raha gani siku hiyo!

Mambo yote ya miezi miwili yakajipanga kichwani mwake. Zile Jumatano ambazo Arthur anatoka kazini mapema na hafiki nyumbani. Lile jina kwenye simu yake: Claudette Kabuga. Na huko kukonda! Mkanda wa suruali kautoboa matundu mawili mapya. Scovia alimuuliza, akajibiwa ni mazoezi. Mwanaume wa miaka arobaini na mitano haanzi mazoezi ghafla bila sababu, na sababu sasa imejulikana.

“Karibuni, karibuni!” Dada muuzaji, Winifred, akaja na funguo tatu mkononi. “Samahani, tumechelewa kufungua, si mnajua leo umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu yuko kwenye kazi za mtaa. Nani ataliendesha zaidi?”

Arthur akatoka ndani ya gari la rangi ya fedha alimokuwa anajaribu viti. Bado alikuwa na buti zenye vumbi la umuganda.

“Mama mmoja,” akasema. “Na mtoto mmoja nyuma.”

“Na wewe bosi?”

“Mimi nitakuwa wa kupewa lifti tu.”

Winifred akacheka. Scovia akauma meno. Mama mmoja! Hata jina hana?

“Basi niwaeleze,” Winifred akasema. “Hili jeupe ni petroli tupu. Kila fundi wa Gitega anaijua injini yake na spea zimejaa. Ila vilima vyetu hivi vitakunywa mafuta. Hili la fedha ni haibridi, petroli na umeme pamoja. Kwenye foleni linakwenda kwa umeme, kilimani vinasaidiana, mteremkoni betri inajaa yenyewe. Na lile la buluu ni umeme mtupu. Oili hakuna, plagi hakuna. Unachomeka nyumbani ukalale, asubuhi unaondoka.”

“Lipi halimsumbui mtu asiyependa gereji?” Arthur akauliza.

“La umeme.”

“Na umeme ukikatika mtaani, mtoto anaumwa, hakuna mwanaume nyumbani?”

Hakuna mwanaume nyumbani. Scovia alilisikia hilo vizuri sana.

“Hapo utashukuru kuwa na petroli,” Winifred akakubali. “Ndiyo maana wengi wanachukua la fedha.”

“Betri yake?”

“Dhamana miaka minane.”

Arthur akahesabu kwa vidole, taratibu. “Kirezi atakuwa na ishirini. Atakuwa anaendesha mwenyewe.” Akaitikia kwa kichwa. “Inatosha.”

Sasa Scovia akaelewa, au alidhani ameelewa. Hili gari halikuwa la familia. Lilikuwa la kuagia. Mwanaume ananunua gari la kumwachia mke na mtoto, roho yake isimsute akihamia kwa mwingine. Ndiyo maana anauliza maswali ya mtu anayefunga mizigo.

Alitaka kunyamaza. Mama yake alimlea anyamaze mbele za watu. Lakini moyo ulikuwa umejaa, na mdomo ukafunguka wenyewe, kwa Kiswahili.

“Mpe hilo la injini mbili, dada! Mwanaume wa nyumba mbili atafanya nini na injini moja?”

Yadi nzima ikageuka. Winifred akashika funguo zake kifuani.

“Scovia,” Arthur akasema, “unasema nini?”

“Claudette hajambo?”

Mngemwona Arthur! Uso ulimwisha damu.

“Umemjuaje Claudette?”

Hakukana! Hata kidogo! Scovia alikuwa bado na tumaini dogo limejificha pembeni, nalo likafa hapo hapo.

“Fundi wako kaniambia. Umeshalipa mahari Kabuga. Hongera! Ulipiga magoti mbele ya baba yangu Karagwe ukasema mimi ni wa kwanza na wa mwisho. Baba kafa akiamini. Afadhali kafa!” Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. “Nimekukosea nini, Arthur? Ni kwa sababu nilikuzalia mmoja tu?”

Kijiti cha oili kikamdondoka Eustache, kikalia kwenye zege.

“Mahari?” akasema. “Mahari gani?”

“Si umesema mwenyewe! Amelipia mahari Kabuga!”

“Yego, mahari! Kweri kabisa!” Fundi akaanza kupiga ardhi kwa kiatu. “Mahari hapa! Mahari pale! Pa kuweka mtu!” Akaona haeleweki, akakimbilia Kinyarwanda. “Ahantu, mama! Ahantu! Si inkwano! Mana yanjye, si inkwano!”

Ahantu ni mahali. Inkwano ndiyo mahari.

Herufi moja, wasomaji wangu. Miaka sita Scovia anamsikia huyu mtu akisema gali badala ya gari na kweri badala ya kweli, na kila siku anamtania. Leo sikio lake la Karagwe likasahau yote. Angeuliza kwa Kinyarwanda tangu mwanzo, tusingefika hapa. Lakini nani aliyechomwa anakumbuka kuuliza vizuri?

Scovia akacheka. Alicheka huku analia, akainama, akashika magoti. “Eustache, utaniua wewe! Mahali! Mahali, sha, siyo mahari!” Winifred naye akacheka, na wateja wakacheka, na mzee mmoja akasema disi, maskini, huyu mama angekufa bure.

Wawili hawakucheka.

Eustache alikuwa anamtazama Arthur, na Arthur alikuwa anatazama chini.

“Mahali pa nini?” Scovia akauliza, kicheko kikiwa bado mdomoni.

“Mzee,” fundi akasema kwa sauti ndogo, “nisamehe. Niridhani anajua.” Akaokota kijiti chake, akaenda kusimama mbali, nyuma ya lile gari la buluu.

Arthur akachukua ufunguo wa gari la fedha mkononi mwa Winifred. “Tunalijaribu barabarani, tukiruhusiwa.” Kisha akampa Scovia. “Twende nikakuonyeshe. Unaendesha wewe.”

“Mimi? Leseni yangu inaota kutu.”

“Ndiyo maana.”

Basi wakashika njia ya Kabuga. Scovia aling’ang’ania usukani kwa mikono miwili, na hofu yake akaizungumza, kama kawaida yake.

“Ni kiwanja, sivyo? Umeninunulia kiwanja kwa siri! Na huyo Claudette ni dalali. Arthur, mimi ni mjinga, nimekuaibisha mbele za watu. Sema basi, ni kiwanja?”

“Ni kiwanja kidogo.”

“Kidogo kiasi gani?”

Arthur alifungua dirisha, vumbi la Julai likaingia, akakohoa, akalifunga tena.

Waliposhika mteremko wa Mulindi, mngurumo wa injini ukakatika. Kimya. Scovia akapiga yowe.

“Limezimika! Arthur, limezimika!”

“Halijazimika.”

“Siisikii injini!”

“Moja imepumzika. Nyingine inaendelea. Wala usiguse kitu, wewe shika njia yako tu.” Alisema hivyo akitazama mbele. “Unaona? Halijasimama. Litafika tu.”

Sauti yake ilikatika mwishoni. Scovia akageuka mara moja, akaona mume wake analia. Miaka kumi na minne, hajawahi kumwona akilia, hata siku waliyomzika mama mkwe mwaka juzi.

Mama mkwe. Scovia akakumbuka walimzikia wapi. Njia ni hii hii.

“Pinda hapo,” Arthur akasema.

Hakutaka kupinda. Alipinda. Mbele kulikuwa na geti, na nyuma ya geti misalaba, safu kwa safu, mpaka mgongoni mwa kilima.

Mama mmoja mnene mwenye buti za mpira akawajia na daftari kwapani. Alikuwa na umri wa bibi, na meno mawili ya mbele hakuwa nayo.

“Arthur wangu! Leo Jumamosi? Na leo umekuja bila binti yako?”

“Habari, Claudette,” Arthur akasema.

Huyo ndiye Claudette. Mtunza makaburi. Mngempenda Scovia wakati ule, maana alimshika yule bibi mkono kwa heshima zote na kumwomba radhi, na bibi hakujua anaombwa radhi ya nini.

Mahali penyewe palikuwa ubavuni mwa kaburi la mama mkwe. Nyasi zimefyekwa, vigingi vinne, kamba ya buluu. Kiwanja kidogo kweli, cha kumtosha mtu mmoja.

Scovia akasimama mbele ya ile kamba. Unajua alichotamani? Alitamani mahari. Naapa. Alitamani Eustache awe alisema sawasawa, Claudette awe msichana wa miaka ishirini na mitano, mweupe, mwenye nyumba ya ghorofa Kabuga. Angemchukia. Angemrarua nywele. Angelala peke yake kitandani akilaani mpaka alfajiri. Lakini Arthur angekuwa yupo. Angekuwa anakosea mahali fulani, anakula, anacheka, anatembea, yupo.

“Unaniacha?” akauliza.

“Nakuacha, Scovia. Ila siyo vile ulivyodhani.”

“Nini?”

“Ini. Walipiga picha mwezi wa tano, nilipokuwa nalalamika tumbo. Daktari akaniambia nirudi na mke wangu ili atueleze vizuri. Sikurudi.”

“Kwa nini hukurudi? Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa uso wako. Huu, ulionao sasa.” Akajifuta kwa kiganja. “Nikasema nikuandae kwanza. Uzoee gari. Nikulipie mahali, usije ukahangaika na hayo siku hiyo. Halafu nikuambie.”

“Kama hukurudi, umejuaje?”

Arthur akagusa kigingi kwa ncha ya buti. “Karatasi ilikuwa ya Kifaransa.”

Ah, wasomaji! Fikirini nyumba ile. Baba Kiingereza chake cha Kampala, mama Kiswahili chake cha Karagwe, na Kifaransa cha mle ndani kinajulikana na mmoja tu, anayekisoma shuleni na kupata alama nzuri kila muhula.

“Hapana,” Scovia akasema. “Arthur, hapana. Hukumpa mtoto.”

“Nilidhani ni vidonda vya tumbo! Ningejua ningempa? Nilikuwa nataka kujua nile nini, nisile nini. Nikamwambia, Kirezi, msaidie Baba. Akakaa mezani, akatoa kamusi yake, akasoma mstari kwa mstari kama kazi ya nyumbani. Akafika katikati, akanyamaza. Nikamwambia soma tu.”

“Akasoma?”

“Akasoma. Kwa sauti ile ile. Akamaliza, akakunja karatasi, akasema: Baba, wameandika miaka mitatu.”

Scovia akaketi chini, kwenye nyasi kavu, na kitenge chake kipya. Akakumbuka wiki moja ya Mei ambayo Kirezi aligoma kula, naye akamgombeza, akamwambia ana madeko. Alimgombeza! Mtoto alikuwa amebeba jeneza la baba yake peke yake, na mama anamwambia maliza viazi.

“Alikuwa anakuja na mimi hapa Jumatano,” Arthur akasema. “Alikataa nije peke yangu. Upande huu yeye ndiye aliyeuchagua, anasema hapa Bibi hatanikoromea sikioni.” Akajaribu kutabasamu. “Miaka mitatu siyo haba, Scovia. Utakuwa dereva hodari. Kirezi atakuwa na kumi na mitano. Tutaenda na gari hilo mpaka Karagwe, nikamwone baba yako pale alipolala, nimwambie sikumdanganya.”

Scovia akamshika mguu, buti na vumbi lake, akalia mpaka sauti ikamkauka. Claudette, ambaye watu wanaolia anawaona kila siku, alimwita Arthur pembeni amwonyeshe kitu kwenye daftari, amwache mama wa watu amalize.

Simu ikalia.

Kirezi.

Scovia akavuta kamasi, akasafisha koo, akaweka sauti ya kila siku. “Ndiyo, mama.”

“Mmechukua lipi?”

“Bado. Tunalijaribu moja la fedha, la injini mbili.”

“La injini mbili? Mama, mbona unaongea hivyo? Baba amekuambia?”

Kudanganya kungesaidia nini? Mtoto alikuwa amejua kabla yake. “Ameniambia, Kirezi. Nisamehe, mwanangu. Nisamehe kwa kila kitu. Nimekuja sasa, hutabeba tena peke yako.”

Kirezi hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Scovia.

“Baba anasikia?”

“Hapana. Yuko kule na bibi Claudette.”

“Basi chukueni hilo, Mama. Chukueni leo. Msingoje Jumatatu. Na Karagwe twende wiki hii.”

“Kwa nini wiki hii? Baba amesema tuna miaka mitatu.”

Upande wa pili akasikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa. Kisha ile sauti ndogo, ya mtu anayesoma kazi ya nyumbani.

“Mimi ndiye niliyesema mitatu. Alikuwa ananitazama, Mama. Nikashindwa. Nikabadilisha neno moja tu.”

“Neno gani?”

“Haikuandikwa miaka. Iliandikwa miezi.”

Scovia akageuka kilimani. Arthur alikuwa amesimama kando ya Claudette, anamwonyesha lile gari la fedha getini, mkono umeinuliwa juu, anacheka. Scovia akaanza kuhesabu kwa vidole. Mei. Juni. Na leo, mnakumbuka, ulikuwa umuganda wa Julai.